Mikono Miwili Haitoshi: Vishikio vya Chelezo cha Uvuvi

Maji ya Luama yameanza kushuka, na wengi wenu mmetuuliza juu ya vile vyelezo vya mabidoni ambavyo kikundi chetu cha ufundi kiliunda kiangazi kilichopita. Wengine waliviona mtoni wakacheka, wakasema ni vitanda vinavyoelea. Sawa, vitanda. Lakini mama anayekaa juu ya kitanda hicho haombi mtumbwi wa mtu, wala hagawani samaki wake na mwenye mtumbwi. Kwetu Kabambare, ambapo bukari na sombe bila samaki ni chakula cha nusu, na ambapo minervali ya watoto inangoja feza ya soko, hilo si jambo dogo.

Chelezo chenyewe ni rahisi, tutakieleza kwa ufupi. Ni mabidoni 12 ya mafuta, ya lita 20, yaliyolazwa kwa mistari miwili, sita kila upande, na juu yake fito za mianzi. Urefu ni kama meta 2 na nusu. Upana usipungue meta 1 na nusu, kusudi kisipinduke upesi. Chini ya kila kifuniko tia kipande cha mpira, ukikaze sana. Bidoni likizama lote linasukuma lita 20 za maji, na maji hayo yana kilo 20; basi mabidoni 12 yanaweza kubeba kilo 240. Sisi tunakataa kupita nusu, yaani kilo 120. Mabidoni yenyewe ni kilo 12 hivi, mianzi na kamba 25, mama 60, na zile 23 zinazobaki ni za wavu, vyombo na samaki. Mtoto wa darasa la sita anaiweza hesabu hii, mwite aje kupima pamoja nawe. Kisha chora mstari wa rangi katikati ya kila bidoni. Maji yakipita mstari, kuna kitu cha kushusha.

Shida inaanza baada ya hapo. Juu ya mianzi hakuna kinachotulia. Mama anashika kasia kwa mkono mmoja, wavu kwa mkono wa pili, tochi ameiuma kwa meno, kikapu amekibana kwa miguu. Samaki mkubwa anavuta, mama anainuka, na vitu vyote vinateleza upande mmoja. Kwa maoni yetu samaki hana kosa hapo. Kinachopindua chelezo ni vitu vinavyoteleza pamoja na mama anayevifuata. Ndiyo maana tunasema chelezo kisicho na vishikio bado hakijamalizika, hata kama kinaelea vizuri.

Kabla ya kishikio chochote, shika sheria moja: msumari na moto visiguse bidoni. Tundu dogo kama la sindano linatosha kujaza maji polepole, na hutaliona mpaka upande mmoja uwe umelala. Hata Marekani, ambako watu huvua kwenye maziwa kwa boti ndogo zinazokaa juu ya maboya mawili, kuna vibanio vinavyouzwa vya kukumbatia chuma bila kukitoboa. Sisi kibanio chetu ni mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, ule ambao fundi ameshindwa kuuziba. Ukate kwa kuzunguka, upana wa vidole viwili, upate mkanda mrefu mmoja. Pale fito mbili zinapokutana, zungusha mkanda mara tatu ukiuvuta kwa nguvu, kisha uupitishe mara mbili katikati ya fito zenyewe ili ukaze ile mizunguko ya kwanza. Ni hiyo mizunguko miwili ya katikati inayofanya kazi, na ndiyo watu wanayoiacha. Kamba ya miti hulegea na kukaza kadiri inavyolowa na kukauka. Mpira hauna tabia hiyo, ila jua huula. Kila mwezi uvute: ukiona mipasuko midogo, badilisha. Na pale mwanzi unapolala juu ya bidoni, weka kipande cha sandali ya mpira iliyokatika, kusudi mwanzi usisugue plastiki mpaka uitoboe.

Sasa kasia. Litengenezee panda mbili za mti, zifungwe upande wa mkono unaoutumia, moja mbele na moja nyuma, kasia lilale ndani yake. Zaidi ya hapo lifunge kwa kamba yenye urefu wa meta 2, mwisho wake kwenye mwanzi wa katikati. Sisi watu wa Maniema tuna sababu ya kukumbuka makasia. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa utumwa walipofyatulia bunduki soko la Nyangwe, kule upande wa Kasongo, wengi waliokuwa sokoni walikuwa wanawake. Livingstone, aliyekuwapo siku ile, aliandika kwamba mitumbwi ilisongamana katika mkono mdogo wa mto ikashindwa kutoka, na kwamba katika hofu ile makasia yalisahauliwa. Watu wengi sana walizama katika Lualaba. Uvuvi wetu wa amani haulingani na siku ile. Lakini mtumbwi bila kasia ni gogo tu, na hilo bibi zetu walilijua kabla yetu.

Wavu haupendi vichwa vya misumari wala ncha za mianzi. Upangie kitanda chake nyuma yako: fito tano zilizopigwa msasa ao kusuguliwa kwa mchanga, zenye ukingo wa kimo cha kiganja pande tatu. Upande wa nne uache wazi, wavu utoke huko bila kuinuliwa. (Na tafadhali, wavu uwe wavu. Chandarua cha mbu kilitolewa kwa ajili ya watoto walale chini yake, na mtoni kinazoa hata samaki wachanga wa mwaka kesho.) Kwa mwenye kutumia ndoano, kishikio cha ufito ni kipande cha mwanzi chenye kifundo chini, kama kikombe, kilichofungwa kikiwa kimeinama kidogo kuelekea nje. Toboa tundu dogo chini ya kikombe hicho maji yatoke.

Kishikio tunachokipenda zaidi ni cha kikapu. Wengi huweka kikapu cha samaki juu, mbele ya magoti. Sisi tumekishusha. Katikati, kati ya mistari miwili ya mabidoni, acha nafasi wazi, ufunge kikapu chenye kifuniko kwenye fito mbili, robo tatu yake ikae ndani ya maji. Samaki aliye hai ndani ya maji karibu hana uzito: maji yenyewe yanambeba, na zile kilo 23 zako unazitumia kwa mambo mengine. Tena uzito wowote ulioko unakaa chini na katikati, mahali unapotuliza chelezo. Na samaki haozi. Kambale anafika nyumbani akiwa bado anapiga mkia, na mnunuzi wa kwenda Salamabila, kule machimboni, anajua tofauti ya samaki wa leo na wa jana. Kabla ya kupita mahali penye maji haba, kumbuka kukiinua, la sivyo mawe yatakipasua.

Taa iwe ya betri ao ya jua. Koroboi karibu na plastiki hatutaki kuiona. Ifunge kwenye mwanzi mwembamba nyuma ya bega lako, isizidi kimo cha kichwa ukiwa umekaa, imulike maji na si macho yako. Kitu kizito kilichoinuliwa juu kinakaribisha kupinduka.

Hapa kwenye nanga tunaomba msome mara mbili. Nanga yetu ni jiwe ndani ya mfuko wa sima ulioshonwa. Kamba yake ifungwe mbele, kwenye ncha, katikati kabisa, ubavuni kamwe. Ikifungwa ubavuni, mkondo unasukuma chelezo huku nanga ikivuta upande ule ule kwenda chini, na mabidoni ya upande huo yanazama wote ukingali umekaa. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kidogo kikae karibu nalo, ndani ya ala iliyofungwa.

Mmetuuliza pia juu ya kishikio cha mtoto. Hatujakitengeneza, na hatutakitengeneza. Mtoto aliyefungwa kwenye chelezo kilichopinduka yuko chini ya chelezo. Mtoto wa mgongoni abaki ukingoni na dada ao bibi yake. Hilo lipangwe ndani ya kikundi, wawili wakivua, mmoja akilea, na mgao uwe sawa kwa watatu. Kwa ajili yako mwenyewe, weka bidoni tupu la lita 10 lenye kitanzi cha kamba, lililowekwa tu bila kufungwa, kusudi ukianguka ulishike. Si jaketi la kuokolea. Mwenye feza ya jaketi alinunue. Na chelezo ni cha maji matulivu ya kiangazi, karibu na ukingo. Mvua zikirudi na mto ukivimba, kipandishwe nchi kavu. Mahali palipoonekana kiboko ao mamba hatuendi, hata kama samaki wanaruka.

Kabla ya siku ya kwanza, jaribu chelezo kwenye maji ya magoti. Mahali pako weka mawe ya uzito wako, vitu vyote viwe katika vishikio vyake, kisha kitikise kwa mikono miwili. Tazama mistari ya rangi: pande zote mbili zizame sawa. Kitakachoanguka wakati huo ndicho kitakachoanguka usiku.

Gharama kubwa ni mabidoni, na hayo tunayapata kwa likelemba, mawili kwa kila mama kila juma. Mipira iliyochakaa mafundi wa pikipiki wanatupa bure tukiwahi kabla haijachomwa. Jumamosi, baada ya salongo, tutakuwa ukingoni tukifunga chelezo cha nne. Anayetaka kujifunza lile fundo la nanga alete kamba yake mwenyewe, meta 3, na kisu kinachokata.