Kamba wa Ziwa Naivasha: Karamu Moja na Mazingatio Yake

Ndugu msomaji, miongoni mwa neema ambazo mwanadamu huzipita bila ya kuziangalia ni riziki itokayo majini. Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kwamba kamba ni wa bahari peke yake, na kwamba aliyeko bara hana ila perege na kambale. Kumbe yuko kamba mwingine, ambaye tangu azaliwe hajapata kuonja maji ya chumvi. Ana magando mawili mbele kama ya kaa, gamba gumu la rangi ya damu ya mzee, na urefu kama wa kiganja cha mkono. Huyu ndiye kamba wa maji matamu, na mwaka jana tulikwenda kumvua katika Ziwa Naivasha, nyumba tatu pamoja, wake kwa waume na watoto.

Nimeona niandike khabari za safari ile kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwafaa mama wa nyumba wapendao kujua namna ya kumpika. Ya pili ni jambo lililotokea asubuhi ya siku ya pili, ambalo mpaka leo sijaacha kulifikiri.

Kabla ya safari

Katika nyumba zetu tatu, mbili ni za madhehebu ya Imam Shafii na ya tatu ni ya jirani yetu mpenzi aliye Hanafi. Basi kabla hatujafunga mizigo tulimwendea sheikh wetu tumwulize: je, mnyama huyu huliwa? Akatueleza ya kuwa wanachuoni wamekhitalifiana katika wanyama wa majini. Malik amewaachia watu uwanja mpana. Kwa Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba kisichoishi ila majini ni halali kwa sura yoyote kiliyo nayo, ama kiishicho majini na nchi kavu, kama chura na kaa, hakiliwi. Na kwa Abu Hanifa hakiliwi kitu cha majini ila samaki.

Kisha akatuuliza hali ya mnyama mwenyewe. Tukamwambia kuwa hupumua kwa matamvua kama samaki na huzaa majini. Hutambaa nje wakati wa mvua au usiku wa umande, lakini matamvua yakikauka hufa. Akasema, "Basi hukumu yake kwangu ni ya kamba wa baharini. Na mwenye shaka na aache, wala asilaumiwe."

Kwa ajili hiyo tulichukua perege wawili wanene kwa ajili ya jirani yetu, na sufuria yake mbali. Nalitaja hili makusudi. Kuna watu wakialikana huona haya kuulizana, na mgeni hubaki akizungusha tonge sahanini. Adabu ya mwenyeji ni kuuliza mapema.

Alikotoka kamba huyu

Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi, juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,800. Mto Malewa na mto Gilgil huingia humo, wala hakuna mto utokao juu ya ardhi. Hata hivyo maji yake ni matamu, kwani sehemu yake hupenya chini kwa chini na kwenda zake.

Kamba tuliyemfuata si mwenyeji wa ziwa hilo. Asili yake ni upande wa kusini wa Marekani, khasa Louisiana, na kaskazini ya Mexico. Aliletwa Naivasha mwaka 1970 kutoka Uganda, ambako alikuwa amekwisha kupandikizwa, na nia ilikuwa ni biashara. Mwaka 1975 uvuvi wake ukaanza kwa nguvu, na katika miaka ya wingi wake walivuliwa mamia ya tani, wengi wakipelekwa Ulaya. Huko Uswidi watu wana desturi ya kukusanyika mwezi wa Agosti na kula kamba wa namna hii. Kamba wao wa asili walikwisha kupukutika kwa maradhi yaliyoingia nchini mwao mwaka 1907. Maradhi hayo chanzo chake ni kamba wa Kimarekani, ambao huyabeba na wao wenyewe wasiugue sana.

Namna ya kumvua

Tulifuatana na mzee mmoja mvuvi mwenye leseni, kwani ziwa lina sheria zake na misimu yake ya kufungwa. Yeye hutumia migono ya waya, yenye mdomo mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, hata aingiaye asijue njia ya kutokea. Ndani yake hutiwa vichwa vya samaki. Kamba hutembea usiku kutafuta chakula, na mchana hujificha katika mashimo na mizizi ya mafunjo. Basi migono hutegwa alasiri na kuopolewa asubuhi.

Tulitega migono kumi, tukarudi pwani ya ziwa kabla ya jua kuchwa. Mzee hakukubali kukawia hata dakika moja. "Viboko hutoka kula jioni," akasema, "na kiboko hapendi kumkuta mtu baina yake na maji." Usiku ule tuliwasikia wakikoroma katika mafunjo, na watoto waliokuwa wakijigamba mchana wote wakajisogeza kwa mama zao.

Asubuhi furukombe walikuwa wakilia juu ya miti, na ukungu haujaondoka majini. Mgono wa kwanza ulitoka mtupu. Wa pili ulikuwa na wawili. Mzee akatikisa kichwa, akasema kwamba siku hizi si kama zamani, kwani samaki aitwaye karpu, aliyeonekana ziwani mwaka 2001, amelibadilisha ziwa, na kamba wamepungua. Lakini migono iliyokuwa karibu na mafunjo haikutuvunja moyo. Tulipomaliza tulikuwa na kapu la kilo sita kwa kukisia.

Watoto walifundishwa kumshika kwa mgongo, nyuma ya magando, ambapo hawezi kumfikia mtu. Mmoja wao alimgeuza jike, akapiga ukelele: chini ya mkia palikuwa pamejaa mayai kama punje za pilipili manga, yameshikamana kwa mamia. Mzee akawaeleza kuwa mama huyachukua hivyo mpaka yaanguliwe, na hata wadogo wakitoka humng'ang'ania kwa muda kabla ya kwenda zao.

Kopo la mwalimu

Hapo ndipo lilipotokea jambo nililolitaja mwanzo. Mzee alipokuwa akihesabu, alisema kwamba jike yule mwenye mayai haonekani. Tukatazamana. Rafiki yetu mmoja, ambaye ni mwalimu wa skuli, akainamisha uso. Kisha akatoa nyuma ya kiti cha gari kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko, ndani yake mna majani mabichi, na juu ya majani yupo yule jike pamoja na madume wawili.

Hakuwa mwizi, wala hakuwa na tamaa ya biashara. Alisema: "Kijijini kwetu, upande wa Ukambani, tuna lambo moja. Watoto wote huoga humo na kuchota humo. Wapwa zangu wawili wametibiwa kichocho, wakapona, wakarudi majini wakakipata tena. Nimesoma ya kwamba kamba huyu hula konokono wanaobeba kichocho. Nimemwahidi dada yangu kuwa nitamletea dawa ya lambo. Je, nimekosa?"

Ndugu msomaji, alilosema si uwongo. Kichocho hutoka katika haja za mgonjwa zikiingia majini, vijidudu vyake hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mwenye kuoga. Wataalamu wa Kenya na wenzao wa Marekani walifanya majaribio katika miaka ya 1990, wakaona kwamba pale kamba alipostawi, konokono walipungua sana, na maambukizo ya watoto yakapungua pia. Hivyo mbele yetu tulikuwa na mtu mwema, mwenye nia njema, tena mwenye hoja.

Mzee hakumkaripia. Alimketisha juu ya ukingo wa mashua, akamwonyesha ziwa. "Mwanangu," akasema, "hapa mbele nilipokuwa kijana palikuwa na mayungiyungi ya buluu, na chini yake majani yaliyozama ambamo samaki wadogo walijificha. Kamba waliyala. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, majani yale ya chini yalikuwa yamekwisha karibu yote. Kamba wakapungua kwa njaa, majani yakarudi, kamba wakarudi, majani yakaisha tena. Huja na kwenda, lakini kumtoa kabisa hakuna aliyeweza. Ukimtia lamboni leo, kesho ukimjutia utamwambiaje atoke?"

Akaendelea kumweleza: kamba huyu hula konokono, ni kweli, lakini hula na mayai ya samaki, na mimea, na hukata nyavu. Na zaidi ya hayo huchimba. Maji yakipungua huingia katika udongo kwa mashimo marefu, na lambo la kijiji limezuiliwa na nini ila tuta la udongo? Tena mvua ikifurika hatakaa pale alipowekwa, atafuata mkondo mpaka mtoni. Katika mto Ewaso Ng'iro amekwisha kuenea, na wenyeji wa mto, kama kaa na fisi maji, wameona maisha yao yakigeuka.

Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo, "Na watoto?"

Kimya kilikuwa kirefu. Aliyejibu ni mke wa jirani yetu, ambaye ni muuguzi. "Shemeji," akasema, "watoto wana haki ya kutibiwa, si mara moja bali kila mwaka kijiji kizima pamoja, kwa vidonge vya prazikwanteli. Na wana haki ya choo, ili haja isifike majini. Kamba akila konokono leo, na choo hakuna, kazi itabaki pale pale."

Mwalimu alilishika kopo kwa muda. Najua alikuwa akimfikiri dada yake, ambaye amekwisha kuahidiwa. Mwisho alilimimina ndani ya kapu la jikoni pamoja na wengine, asiseme neno.

Namna ya kumpika

Sasa nawageukia mama wa nyumba. Kwanza, waoshe kamba katika maji safi mara kadha wa kadha mpaka tope litoke, na aliyekufa kabla ya kupikwa mtupe, kwani huharibika upesi.

Pili, tuwe na huruma. Mnyama wa majini hahitaji kuchinjwa, lakini tumeamrishwa kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuua kile tutakachokila. Wafunike kwa barafu nyingi kiasi cha nusu saa au zaidi mpaka wafe ganzi. Kisha watie wachache wachache katika maji mengi ya chumvi yanayotokota kwa nguvu. Kuwatia wengi kwa mara moja hupooza maji na kurefusha mauti yao.

Tatu, waive sawasawa. Wakigeuka wekundu wa kung'aa, waache wakitokota dakika saba au nane. Usimpe mtu kamba wa maji matamu aliye mbichi au nusu mbichi, maana katika nchi nyingine kamba na kaa wa mitoni huwapa watu minyoo ya mapafu.

Kisha tenga mkia na kichwa, vunja gamba, na uvute ule uzi mweusi wa matumbo. Usishangae nyama ikiwa kidogo: kilo sita zetu hazikutoa zaidi ya kilo moja. Lakini magamba usiyatupe. Mke wangu aliyatwanga katika kinu, akayachemsha, akayachuja, na supu ile akaichanganya na tui jepesi. Alikaanga vitunguu maji, akatia kitunguu thomu, tangawizi, bizari, nyanya na pilipili mbichi moja, akamimina tui jepesi lile, likachemka. Nyama aliitia mwishoni pamoja na tui zito, akikoroga taratibu lisikatike, kwani nyama imekwisha kuiva na ikikaa motoni huwa ngumu. Akakamulia ndimu, akaepua. Tulikula kwa wali mweupe. Jirani yetu alikula perege wake wa kukaanga kando yetu, kwenye mkeka mmoja, tukicheka pamoja.

Mazingatio

Mwalimu alikula kidogo siku ile. Mwezi uliofuata alikwenda kwao, akamwambia dada yake kuwa ile dawa haiji. Dada alinuna, na haki yake kununa. Lakini mwalimu hakurudi mjini mara moja. Alikaa likizo nzima akisaidiana na vijana kuchimba vyoo viwili, kimoja karibu na madrasa na kimoja karibu na lambo, akamwendea na mganga wa zahanati kumwomba vidonge vya kijiji kizima. Alipotusimulia, mikono yake ilikuwa bado ina malengelenge.

Nami nimejifunza ya kwamba nia njema ni mwanzo wa jambo, wala si jambo lote. Walioleta kamba ziwani mwaka 1970 hawakukusudia kuyamaliza mayungiyungi. Mwenye kutia kitu kipya katika maji ya watu wote, au katika mji, au hata katika nyumba yake, na ajiulize kwanza kama ataweza kukitoa. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Basi ukijaliwa kufika Naivasha, vua kwa idhini, pika kwa huruma, kula na wenzako kwa furaha, wala usiondoke na kamba hai hata mmoja. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wema wa alichotuamini. Wassalaam.