STI ya kweli au ni beji tu? Zijue tofauti za Subaru Impreza ya zamani kabla ya kutoa pesa

UKISIMAMA kando ya barabara ya Thika Jumapili jioni, utaisikia kabla ya kuiona. Eksozi inanguruma, kisha pa! pa! dereva akiachilia mafuta. Wasee kwenye steji wanageuza shingo. Ni Subaru Impreza, ile ya kitambo yenye tundu la hewa juu ya boneti, na kwenye buti imeandikwa kwa rangi ya waridi: STI.

Swali ni moja tu. Nani aliibandika hiyo STI? Kiwanda cha Japani, au jamaa wa stika?

Usidhani ni swali la porojo za vijiweni. Gari hili likitangazwa mtandaoni kuwa STI, bei inaruka papo hapo. Kijana aliyeweka akiba miaka mitatu, akaongezea mkopo wa chama, anaweza kutoa chapaa za STI na kurudi nyumbani na WRX ya kawaida. Au mbaya zaidi, gari lisilo na turbo kabisa, lililovalishwa nguo za kuazima.

Basi tuzitenganishe, daraja kwa daraja.

Ndai moja, majina mengi

Impreza ya kwanza ilizinduliwa Japani mwaka wa 1992 na kizazi hicho kikaendelea kuundwa hadi 2000. Wapenzi wake huiita GC8, kutokana na namba ya chesisi. Hapa Kenya jina hilo lilipata moto wa ziada kwenye vumbi la Safari Rally: Colin McRae alishinda mwaka wa 1997 akiwa kwenye Impreza, na Richard Burns akashinda na Impreza tena mwaka wa 2000. Magari yale ya mashindano yalikuwa tofauti sana na yaliyouzwa kwa raia, lakini vijana wengi walianza kuitamani Subaru hapo.

Ngazi ya chini kabisa ni Impreza zisizo na turbo, kuanzia injini ya 1500cc. Ni gari safi la kwenda kazini. Tatizo ni kwamba bodi yake inafanana na ya ndugu zake wakubwa, na ndiyo maana hilo ndilo huvalishwa boneti na spoila za watu.

Juu yake ni WRX: injini ya 2000cc yenye turbo, na magurudumu yote manne yanavuta. Ile ya 1992 ilitoka na nguvu ya farasi 240. Hili ni gari la kasi, lakini bado lilimkumbuka mtu wa kawaida: vioo vya umeme na starehe nyingine za ndani.

Halafu kuna WRX Type RA, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Iliundwa kwa ajili ya watu wa mashindano, kwa hivyo kila kilo isiyo na kazi ilitupwa. Vioo unazungusha kwa mkono, breki hazina ABS, na mara nyingi hakuna AC. Gia zake zimekaribiana ili gari lichomoke upesi kutoka kona moja hadi nyingine. Ukiingia ndani unaweza kudhani mwenyewe aliishiwa na pesa, kumbe umeketi ndani ya kitu ambacho watu wanakitafuta kwa tochi.

STI yenyewe inatokana na Subaru Tecnica International, tawi la michezo la Subaru lililoanzishwa 1988. Toleo la kwanza la WRX STI lilitoka 1994 likiwa na farasi 250 na pistoni ngumu zaidi za kustahimili presha ya turbo. Baadaye kukaja Type RA STI, yenye kidude cha kuzungusha karibu na breki ya mkono, ambacho dereva hutumia kuamua jinsi nguvu inavyogawanywa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Sasa sikiliza hii. Kuanzia 1996, WRX na STI zote ziliandikiwa farasi 280. Kampuni za magari za Japani zilikuwa na mapatano ya kutotangaza zaidi ya hapo. Kwa hivyo muuzaji akikuambia "hii ni 280, lazima iwe STI," hajathibitisha lolote.

Kileleni kuna 22B ya 1998: injini ya 2200cc, mabawa ya tairi yaliyopanuliwa, na magari 400 tu yaliyotengewa soko la Japani. Mtu akikuambia anayo na anaiuza kwa bei ya Vitz, tabasamu, umtakie siku njema, uende zako.

Angalia wapi?

Usiangalie beji, spoila wala rimu. Vyote hivyo vinauzwa mtumba na vinafungwa kwa spana asubuhi moja. Fungua boneti utafute kibati chenye namba ya modeli. Kuona "GC8" pekee hakutoshi, kwa sababu kuna Impreza za 2000cc zisizo na turbo zinazobeba herufi hizohizo. Nakili msimbo wote, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya chesisi, kisha uulinganishe na katalogi za vipuri za Subaru. Hapo ndipo utajua gari lilitoka kiwandani likiwa nini.

Kisha chukua logibuku. Je, namba ya injini iliyoandikwa ndiyo iliyo kwenye gari? Impreza nyingi za umri huu zimebadilishwa injini zaidi ya mara moja. Si kosa kubadilisha, lakini mabadiliko yanafaa yawe kwenye rekodi, la sivyo matatizo yanakuwa yako siku ya kuhamisha umiliki.

Na kumbuka, sheria yetu hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane. GC8 zilizopo nchini ndizo hizo hizo, na nyingi zimepita mikononi mwa watu wengi wenye mguu mzito.

Ipi inakufaa wewe?

Hapa nitawaudhi wengine. Kwa kijana wa Nairobi anayetaka gari moja la kila siku, WRX ya kawaida ndiyo bora. STI za Japani zilipangiwa petroli ya okteni 100. Ukiilisha mafuta duni huku umeongeza presha ya turbo, injini inaanza kugonga, na pistoni ikipasuka utafute pesa za injini nzima. Giaboksi ya gia tano ya magari haya pia haipendi ubabe. Ukizoea kuachilia klachi ghafla kwenye taa, fundi wako atajenga nyumba. RA nayo haina huruma: foleni ya Mombasa Road saa saba mchana bila AC, utaijutia.

STI inunue ukiwa na ushahidi wa kibati, fundi anayeijua injini ya Subaru, na akiba ya vipuri iliyo kando na pesa za kununulia. RA iachie mtu wa mashindano. Na ukipata ile ya 1500cc iliyotunzwa, inayouzwa kwa jina lake halisi, chukua bila aibu.

Kabla hujatuma hata shilingi ya kushikilia gari, mwombe muuzaji picha ya kile kibati. Ni kazi ya dakika mbili. Akianza kukasirika au kukuambia kuna wateja wengine watano njiani, tulia. Ameshakujibu.