Jina Unaloliandika Kwenye Fomu ya Bima

Wakala wa bima ya maisha atakueleza kwa kirefu kuhusu malipo ya kila mwezi na kiasi kitakacholipwa ukifariki. Sehemu ya wanufaika huja mwisho, wakati kila mtu ana haraka ya kuondoka. Ilhali hiyo ndiyo itakayosomwa siku ambayo hupo kueleza ulikusudia nini, na kampuni italipa kama ilivyoandikwa.

Wengi hudhani wasia utarekebisha mambo. Nchini Kenya si hivyo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilieleza, katika kesi ya mirathi, kwamba fedha ambazo marehemu alizitajia mpokeaji si sehemu ya mali ya urithi. Basi mtu anaweza kumwandikia mkewe wasia mzuri huku fomu ya bima ingali na jina la mke aliyetalikiana naye miaka mingi iliyopita. Talaka haifuti jina kwenye faili la kampuni. Wewe ndiye wa kulifuta, kwa fomu mpya yenye sahihi yako.

Usipomtaja mtu, au uliyemtaja akitangulia kufa na hukuweka wa pili, fedha huingia kwenye mali ya marehemu. Familia italazimika kupeleka ombi mahakamani, kusubiri siku 30 za pingamizi baada ya tangazo katika gazeti rasmi la serikali, kisha kwa kawaida miezi sita kabla mgao haujathibitishwa. Karo ya shule haisubiri muda huo.

Kwa watoto ndiko makosa huumiza zaidi. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kupokea fedha hizo mwenyewe, na wazazi wakijua hilo humwandika ndugu yao kuwa mnufaika, kwa ahadi ya mdomo kwamba atawatunzia watoto. Sioni hatari kubwa kuliko hiyo. Kwa mujibu wa fomu, fedha ni za huyo mjomba au shangazi. Hata akiwa mwaminifu kabisa, anaweza kufariki au kuandamwa na wadai wake, na watoto hawana karatasi ya kuwatetea. Mwandike mtoto mwenyewe, kwa jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha mtaje atakayezishika kwa niaba yake. Kiasi kikiwa kikubwa, wakili akuandalie hati ya amana inayoeleza fedha zitolewe lini na kwa matumizi gani. Tena ningependa anayelea watoto awe mmoja na anayeshika fedha awe mwingine, ili kila mmoja awe na wa kumwuliza.

Wapo wanaosahaulika kwa kuwa hamuishi nyumba moja: mama mzazi kijijini unayemtumia fedha kila mwisho wa mwezi, mtoto uliyempata kabla ya ndoa. Ikiwa wanakutegemea, waandike, na asilimia za wote zitimie 100. Andika majina kamili na namba za vitambulisho. Mwenye wake wawili anayeandika “mke wangu” tu anawaachia wanawake hao kesi.

Msomaji Mwislamu amwulize kadhi mapema iwapo anayetajwa kwenye fomu ni mwenye fedha au ni wa kuzigawa kwa mafungu ya mirathi, kisha aandike hivyo.

Ikiwa umeweka bima hiyo kuwa dhamana ya mkopo, benki itachukua deni lake kwanza. Bima ya kikundi kazini nayo ina fomu uliyojaza ulipoajiriwa, pengine ukiwa hujaoa wala hujaolewa, iombe uione.

Kisha waambie uliowataja jina la kampuni na namba ya mkataba. Kampuni hulipa baada ya kupokea madai na cheti cha kifo, na asiyejua kwamba ametajwa hatadai. Fedha za bima zisizodaiwa hatimaye hukabidhiwa UFAA, mamlaka ya Kenya ya mali za kifedha zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Jamaa za marehemu wanaweza kuulizia huko iwapo kuna chochote kwa jina lake, hata kama miaka imepita.