Mmishonari Kijana wa Rabai na Walimu Tuliowasahau

Kila mwanafunzi aliyepitia somo la historia katika nchi hii ameyakariri majina mawili: Krapf na Rebmann. Akiulizwa walifanya nini, hujibu bila kusita kwamba mmoja aliuona Mlima Kenya na mwenzake akauona Kilimanjaro. Hupewa alama zake akaketi, na mwalimu akaendelea na swali jingine. Nami nimefundisha hivyo kwa miaka mingi. Leo nakiri kwamba nilikuwa nikiwagawia wanafunzi wangu maganda, kiini nikakitupa.

Kwani kuuona mlima ni jambo la siku moja. Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, lakini aliishi katika pwani yetu miaka 29. Je, siku hizo nyingine zote alikuwa akifanya nini?

Rebmann alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Alipowasili Mombasa mwezi wa Juni 1846, akiwa ametumwa na chama cha wamishonari cha CMS cha Uingereza, alikuwa kijana wa miaka 26. Alimkuta Ludwig Krapf, aliyemtangulia kwa miaka miwili, na ambaye mnamo Julai 1844 alikuwa amemzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Mwezi wa Agosti wawili hao walihamia Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, hali wote wawili wakiwa wamedhoofishwa na homa. Wazee wa Rabai walikuwa wamewakubalia kukaa, nao wakajijengea nyumba.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo vitabu vyetu vya shule huipitia kwa haraka. Mtu aliyesafiri kutoka Ulaya kuja kufundisha aligundua kwamba hana hata neno moja la kufundishia. Hapakuwa na kamusi ya kufungua wala kitabu cha sarufi ya lugha ya Warabai. Ilimbidi aende vijijini, aketi na wenyeji, aulize jina la kitu, asikilize, aandike, akosee, achekwe, kisha aulize tena. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miaka. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini ni wachache miongoni mwetu wanaoweza kuuliza kila siku kwa miaka mingi bila kuona aibu.

Hata safari iliyompa umaarufu ilikuwa sehemu ya kuuliza huko. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia ya Uchagani. Rebmann alipoona weupe juu ya mlima, alimuuliza kiongozi wake ule ni kitu gani. Kiongozi hakuwa na jina la theluji. Alisema ni baridi tu. Kwa neno hilo moja la Kiswahili, Rebmann akathibitisha alilokuwa akilidhani. Huko London, mtaalamu wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alikataa katakata kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta. Mwenye kuketi na wenyeji alikuwa na haki, na mwenye kuketi na vitabu vyake akaaibika.

Sasa tuwaulize wanafunzi wetu swali ambalo huwa halimo katika mtihani: ni nani waliowafundisha hao walimu? Krapf alipoanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidini. Tafakari jambo hilo, msomaji: mwanachuoni wa Kiislamu anamsaidia Mkristo mgeni kuitafsiri Biblia, na wala dini ya yeyote kati yao haikupungua kwa sababu hiyo.

Yupo na mwingine, ambaye kisa chake hunigusa zaidi. Jina lake ni Salimini. Alikuwa mtumwa huko Mombasa, aliyetolewa kwao katika nchi za Ziwa Nyasa. Rebmann aliketi naye, akaandika kutoka kinywani mwake maneno ya lugha ambayo mtu huyo alikuwa ameporwa pamoja na nchi yake. Kamusi ya lugha hiyo ya Kinyasa ilichapishwa mwaka 1877. Kwa hiyo mmoja wa walimu wakuu wa lugha katika karne ile hakuwa na shahada, hakuwa na mshahara, wala hakuwa na uhuru wa nafsi yake.

Sisemi kwamba Rebmann alikuwa malaika. Yeye na Krapf walikuja wakiamini kwamba wenyeji wako gizani, na mila nyingi za Wamijikenda walizihukumu kabla ya kuzielewa. Walijifunza lugha ili waibadilishe imani ya wenye lugha. Na tena, kwa kipimo chao wenyewe, walivuna haba: Mkristo wao wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa, na kwa miaka mingi waliomfuata walihesabika kwa vidole. Rebmann alimzika mkewe Emma mwaka 1866, akaendelea kukaa. Alirudi kwao mwaka 1875 akiwa karibu kipofu kabisa, na mwaka uliofuata akafariki. Kamusi yake ya Kinyasa ilichapishwa yeye akiwa kaburini.

Nimeyaandika haya kwa sababu yananihusu. Nilikuwa na miaka 24 nilipopelekwa kufundisha katika wilaya ya mbali, ambako lugha ya nyumbani ya wanafunzi sikuijua. Muhula mzima niliwafokea walioinamisha macho nikiwauliza swali. Niliuita utovu wa adabu, na wawili au watatu niliwatoa nje ya darasa. Hatimaye mzee aliyekuwa bawabu wa shule aliniita kando akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hapa kwetu mtoto hamkodolei macho mkubwa wake. Wanakuheshimu, nawe unawaadhibu." Nilikuwa nimepita mbele ya mzee yule kila asubuhi kwa miezi mitatu bila kumuuliza lolote zaidi ya salamu. Mmoja wa wale niliowatoa nje hakurudi tena shuleni. Sijui kama ni kwa sababu yangu, lakini swali hilo sijaweza kulizika.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Rabai, na kwangu mimi, mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni. Kila mwaka vijana wetu huvuka mipaka ya wilaya na ya nchi kwenda kufundisha, kuhubiri na kutibu. Hupewa nauli, vitabu na baraka, lakini ni nadra kuambiwa kwamba kazi yao ya kwanza itakuwa kujifunza.

Walimu wenzangu, mtakapofika tena kwenye sura ya Krapf na Rebmann, msiishie milimani. Andikeni ubaoni majina ya Bwana Kheri, Sheikh Ali na Salimini. Nanyi wanafunzi, siku mtakapotumwa ugenini na vyeti vyenu mkononi, kabla ya kufungua kinywa mtafuteni bawabu wa mahali hapo mkaketi naye.