Bamba la dunia hudidimia au hudidimizwa?

Wiki jana mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea rasimu ya kijitabu anachowatafsiria wanafunzi wa shule za Pwani. Kinahusu tsunami iliyoanzia Sumatra tarehe 26 Desemba 2004 na kuua hata huku kwetu. Ameandika: “Bamba la bahari husukumwa, likazamishwa chini ya jingine, kisha likaelea katika uji wa moto.” Sarufi haina kasoro. Lakini vitenzi vyote vitatu vinapotosha!

Tuanze na huo uji. Chini ya ganda la dunia kuna manteli, tabaka lenye unene wa kilomita 2,900 hivi. Si uji, ni mwamba mgumu. Mawimbi ya tetemeko yasiyoweza kupita kwenye kioevu hupita humo bila taabu. Ila kwa joto lake, mwamba huo husogea polepole mno, sentimita chache tu kwa mwaka. Ndiyo maana napendelea kudidimia kuliko kuzama. Merikebu huzama majini. Mguu hudidimia matopeni, taratibu, huku matope yakiukataa.

Haya, nani hulididimiza bamba? Hapa wanajiolojia wametufaa sisi watu wa lugha. Hawawezi kushuka huko wala kungoja miaka milioni hamsini, kwa hivyo huunda vielelezo. Wengine hutandaza silikoni juu ya sharubati nzito katika tangi la kioo na kutazama inavyoshuka. Wengine hutumia kompyuta: huigawa manteli katika vipande vidogo vidogo, kila kimoja hupewa joto, uzito na mnato wake, kisha mwendo hukokotolewa hatua kwa hatua. Matokeo hulinganishwa na picha zinazotokana na mawimbi ya matetemeko, ambayo huenda kasi zaidi kwenye mwamba baridi. Picha hizo zinaonyesha kwamba chini ya Japani na Uchina bamba likikaribia kina cha kilomita 660 hujilaza. Kwingineko hupenya na kuendelea chini.

Jibu la vielelezo ni kwamba bamba kuukuu la bahari limepoa, ni zito kuliko mwamba wa moto unaolizunguka, basi hudidimia kwa uzito wake lenyewe na kuivuta sehemu iliyosalia. Tandaza leso mezani, uache upande mmoja uning'inie vya kutosha: yote itateleza. Bamba la Pasifiki, ambalo kingo zake nyingi zinadidimia, huenda kasi kuliko bamba letu la Afrika.

Kwa hivyo kauli ya kutendwa, hudidimizwa, inamtafuta msukumaji ambaye hayupo. Kauli hiyo inalifaa bamba la juu. Hilo ndilo hukwamishwa na kuburutwa chini kwa miaka mingi, hadi siku linapofyatuka kama mtego na kuiinua bahari iliyo juu yake.

Nimemrudishia rasimu. Kuhusu “likaelea” tulibishana kidogo, akakubali kuliondoa.