Riwaya ya Kale ya Kihispania: Msomaji Mmoja, Wasikilizaji Wengi

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi hufunzwa kwamba riwaya ni zao la matbaa na la msomaji asomaye kimya, ilhali ngano ni mali ya hadhira isikilizayo. Historia ya riwaya ya Kihispania ya karne ya 16 na ya 17 yaonyesha kuwa mpaka huo si imara.

Mwaka 1554, Lazarillo de Tormes ilichapishwa katika miji minne bila jina la mwandishi. Ndani yake mtu aliyekuwa mtoto maskini anamsimulia mheshimiwa fulani, kwa nafsi ya kwanza, jinsi alivyowatumikia mabwana wachoyo, wakiwemo watu wa kanisa. Mwaka 1559 ilipigwa marufuku. Iliporuhusiwa tena mwaka 1573, baadhi ya sehemu zilikuwa zimeondolewa.

Don Quixote ya Miguel de Cervantes ilitoka Madrid mwaka 1605, katika matbaa ya Juan de la Cuesta. Ilihitaji idhini ya mfalme, na bei yake ilipangwa na serikali: maravedi 3.5 kwa kila karatasi ya chapa. Kwa kuwa karatasi zilikuwa 83, kitabu kiliuzwa kwa maravedi 290.5 kabla ya kujalidiwa.

Je, wasiojua kusoma walizifikiaje hadithi za namna hii? Katika sura ya 32 ya sehemu ya kwanza, Cervantes anamchora mwenye nyumba ya wageni akieleza kwamba, msimu wa mavuno, wavunaji hukusanyika siku za sikukuu. Mmoja ajuaye kusoma hushika kitabu cha visa vya mashujaa, na zaidi ya watu 30 humzunguka wakimsikiliza.

Jambo hili lamhusu mwalimu mtarajiwa anayesomea Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Akikuta darasa lenye nakala chache za riwaya, kuisoma kwa sauti si kuishusha hadhi. Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, Msanifu Kombo anasimulia mwenyewe safari yake kutoka Tanga hadi Kitale, kaskazini mwa Kakamega. Walibora hahitaji kuwa alimwiga Mhispania yeyote. Nafsi ya kwanza huliita sikio popote.

Kwa hivyo, mtafiti wa upokezi wa riwaya asihesabu nakala zilizouzwa pekee. Aulize pia: nani alimsomea nani?