Baiskeli ya Chuma, Gurudumu Kubwa: Namna ya Kuichagua kwa Njia za Kanduyi

Baiskeli ya milimani isiyo na springi ina foku ngumu mbele, na fremu yake ni mabomba matupu yaliyounganishwa. Fremu hiyo ikiwa ya chuma na magurudumu yakiwa ya inchi 29, baiskeli hiyo inafaa sana maeneo ya Kanduyi. Hapo barabara kuu ya Eldoret kwenda Malaba ni lami safi, ila njia za kuingia mashambani, upande wa Chwele na miteremko ya Mlima Elgon, ni udongo na changarawe: vumbi na mawe wakati wa kiangazi, tope la kuteleza mvua zinaponyesha.

Umbo hili si geni magharibi mwa Kenya. Black Mamba, baiskeli nzito nyeusi kutoka India na China, ni ya chuma, haina springi, na magurudumu yake ni ya inchi 28. Boda boda zilizoanza mpakani Busia katika miaka ya 1960 zilikuwa baiskeli, kabla pikipiki hazijachukua kazi hiyo. Baiskeli ya milimani nayo ilizaliwa California katika miaka ya 1970 kutokana na baiskeli kuukuu za chuma zisizo na springi. Wakati huo magurudumu yalikuwa ya inchi 26. Tairi za milimani za inchi 29 ziliingia sokoni mwaka 1999.

Faida ya gurudumu kubwa huonekana kwenye mashimo. Gurudumu dogo hutumbukia, kubwa hupita juu, kwa sababu hulikabili jiwe au ukingo wa shimo kwa mwinuko mdogo zaidi. Tairi pana husaidia pia: ya inchi 2.2, ikijazwa upepo wa psi 30 hivi kwa mtu wa kilo 70, hubonyea na kumeza mishtuko midogo. Kwa hiyo foku ngumu haimuumizi mwendeshaji kama inavyodhaniwa.

Springi za bei nafuu, kwa upande mwingine, zina uzito mkubwa na sili zake huisha haraka. Vumbi na maji vikishaingia, foku hukwama au hulegea, na vipuri vyake ni vigumu kupatikana. Foku ngumu haina cha kuharibika zaidi ya beringi za usukani, ambazo fundi yeyote huzijua.

Sababu kubwa ya kuchagua chuma ni matengenezo. Chuma kikipasuka, fundi wa jua kali anaweza kukichomelea na safari ikaendelea, mradi bomba si jembamba mno. Alumini huhitaji mashine na ujuzi maalumu, na baada ya kuchomelewa hupoteza sehemu ya nguvu yake isipotiwa joto upya kwa utaratibu wa kiwandani. Mnunuzi asiyejua fremu ni ya nini aijaribu kwa sumaku: hunasa kwenye chuma cha kawaida, wala hainasi kwenye alumini. Chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu kina nguvu kuliko chuma cha kawaida, hivyo mabomba yake hufanywa membamba na baiskeli ikawa nyepesi.

Jambo linalowagharimu wanunuzi wengi ni namba ya tairi. Rimu ya inchi 29 ina kipenyo cha milimita 622, ilhali ya Black Mamba, inayoitwa 28, ina milimita 635. Ingawa majina yanaonyesha kinyume, rimu ya Black Mamba ndiyo kubwa zaidi, na tairi zake haziwezi kubadilishana na za 29. Namba ya kutazama ni ile ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kama 56-622 au 40-635. Kabla ya kulipa, ni busara kuuliza madukani Kanduyi na Bungoma kama tairi na tyubu za 622 zinapatikana. Zisipopatikana karibu, Black Mamba au baiskeli ya inchi 26 itamfaa zaidi mtu anayeitegemea kila siku.

Baiskeli ya mtumba hukaguliwa kwanza kwenye viungo. Rangi iliyopasuka karibu na usukani au karibu na pedali huweza kuficha ufa. Unyoofu wa fremu hupimwa kwa uzi: hufungwa mwisho mmoja wa ekseli ya nyuma, huzungushwa mbele ya bomba la usukani, na kurudishwa upande wa pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la siti zikitofautiana, fremu imepinda.

Kimo nacho kina uzito wake. Mwendeshaji akisimama na bomba la juu la fremu katikati ya miguu yake, nyayo zote mbili zikiwa chini, lazima abaki na nafasi kati yake na bomba. Kwa mtu mfupi, magurudumu ya 29 huinua usukani na kurefusha baiskeli, na ya inchi 26 humkaa vizuri zaidi.

Gurudumu la 29 husogea karibu mita 2.3 kwa mzunguko mmoja, la 26 karibu mita 2.1. Kwa hiyo 29 huwa nzito mlimani gia zikiwa zilezile, na anayepanda kutoka Bungoma kwenda Kitale, mji ulio juu zaidi kwa mita 500 hivi, anahitaji gia nyepesi za kutosha. Kwenye tope, breki za diski za waya hushika vizuri kuliko za rimu, na waya hubadilishwa popote.

Adui wa chuma ni kutu, na mara nyingi huanzia ndani ya mabomba. Baada ya mvua kubwa, siti hung'olewa pamoja na nguzo yake na baiskeli hupinduliwa maji yatoke. Nguzo hiyo hupakwa grisi kabla ya kurudishwa, na fremu hutiwa mafuta ndani mara kwa mara. Ikitunzwa hivyo, hutumika miaka mingi.